Kumchora mwandishi kwa penseli kabla ya kufinyanga kichwa chake: mchoro uwe na nini?

Udongo_Mwekundu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kuna kichwa cha kufinyanga. Ni cha mwandishi wa riwaya, mama wa miaka 60 hivi, ukubwa wa mtu halisi, kuanzia utosini mpaka kwenye mitulinga. Udongo ni wa mfinyanzi na utachomwa. Mama amekubali kukaa mara moja tu, saa moja na nusu, sebuleni kwake Dar es Salaam, mwezi wa 6. Baada ya hapo anasafiri, kwa hiyo kitakachobaki mezani ni michoro ya penseli na picha chache za simu.

Michoro ya majaribio inapendeza ikitundikwa ukutani, ila ukisimama nayo mbele ya udongo haikuambii kitu: pua imetokeza kiasi gani, shavu linageukia wapi, shingo imeegemea vipi. Naomba msaada kwa haya. Nichore pande zipi, na kila upande upewe muda gani? Penseli na karatasi gani? Kivuli kiasi gani? Anavaa miwani na mtandio: vichorwe au viachwe? Halafu, nimchore akiwa ameshika kalamu au ametulia tu?

Patasi_na_Timazi:

Mkuu, mchoro unaoutaka utasomwa wiki tatu baadaye na mtu mwenye udongo viganjani, mama mwenyewe hayupo. Huo ndio mtihani wake. Kufanana kutakuja kwenye udongo. Kwenye karatasi unatafuta majibu ya maswali matatu: nini kiko mbele ya nini, kwa sentimita ngapi, na bapa lipi (sehemu ya uso iliyo tambarare kidogo na kuelekea upande mmoja) linakutana na lipi.

Dakika 90 zinatosha ukizipanga. Dakika 10 za kwanza usichore. Panga kiti, bandika utepe sakafuni kila nyuzi 45 kuzunguka kiti (alama 8), na mtazame akiongea. Kisha michoro mitano ya haraka, dakika 3 kila mmoja, ukizunguka alama hizo. Hii ni ya kuushtua mkono na kuona namna kichwa kinavyokaa juu ya shingo, usiihurumie. Baada ya hapo dakika 20 kwa sura ya ubavuni, dakika 5 mama apumzike, 15 mbele kabisa, 15 robo tatu (uso umegeuka nusu, kati ya mbele na ubavu), 5 kwa kisogo na shingo kwa nyuma, na 5 za mwisho kwa vipimo vya mkono. Ukiona muda unakimbia, punguza mbele. Ubavu usiuguse.

Ubavu unapewa muda mkubwa kwa sababu ndio mchoro pekee unaoonyesha kina bila kubahatisha. Uchore kwa ukubwa halisi. Kichwa cha mtu mzima kina urefu wa sentimita 21 hadi 23 kutoka utosini hadi kidevuni, na kutoka kwenye paji mpaka kisogoni ni 18 au 19. Karatasi ya A3 (29.7 kwa 42) inakipokea chote na nafasi ya shingo inabaki. Ukikichora kidogo, kila kipimo itabidi ukizidishe, na kosa la milimita 2 kwenye mchoro wa nusu linakuwa milimita 4 kwenye pua.

Sasa timazi. Funga uzi kwenye nati, uning'inize kutoka kwenye fimbo au stendi iliyo pembeni yake, upite sawasawa na tundu la sikio ukimtazama kwa ubavu. Chora mstari huo kwanza kwenye karatasi, kabla ya uso. Kila kitu unakipima kwa kwenda mbele au nyuma ya mstari huo: paji, bonde la pua kati ya macho, ncha ya pua, pale pua inapokutana na mdomo wa juu, midomo, kidevu, kisha upande wa pili, kisogo na mwanzo wa shingo. Andika namba pembeni ya kila alama. Namba haziharibu mchoro wa kazi.

Timazi itakuonyesha pia kosa linaloua vichwa vingi vya udongo. Shingo huegemea mbele. Mwanzo wake kwa nyuma, juu ya mabega, uko nyuma sana kuliko pale inapoingia chini ya fuvu, na kwa mtu aliyekaa miaka mingi akiandika mezani mwinamo huo huwa mkubwa zaidi. Asiyeuona anasimamisha shingo kama nguzo ya umeme, halafu anashangaa kwa nini mama anaonekana askari.

La mwisho kwa sasa: udongo unasinyaa. Kabla ya kikao tengeneza kipande cha udongo uleule, ukwaruze mstari wa sentimita 10, ukikaushe na kukichoma. Mstari ukirudi sentimita 9, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 10, na kichwa cha sentimita 22 unapaswa kukijenga kwa 24.4 (22 gawanya kwa 0.9). Mchoro ubaki na vipimo halisi. Kuzidisha kufanyike siku ya kufinyanga, tena kwa namba zote. Ukichanganya zilizozidishwa na zisizozidishwa utapata pua ya mtu mmoja kwenye uso wa mwingine.

Penseli_2B:

Kwa vifaa (H ni penseli ngumu, B ni laini, HB iko katikati): HB kwa mistari ya kujenga, 2B kwa mabapa, 4B kwa sehemu tatu nne zenye giza kabisa (tundu za pua, mstari kati ya midomo, chini ya kope ya juu, nyuma ya ndewe). Acha 2H nyumbani. Ngumu namna hiyo inachimba mfereji kwenye karatasi, na hata ukifuta, 2B ikipita juu mfereji unatokea mweupe.

Chonga kwa wembe au kisu, usitumie kichongeo. Risasi itokeze kama sentimita moja na nusu ili uweze kuilaza na kuchora kwa ubavu wake. Ncha ni ya kingo, ubavu ni wa mabapa. Mtu mwenye ncha fupi ya kichongeo hujikuta anachora uso wote kwa nyuzi, na nyuzi hazisemi bapa limeelekea wapi.

Karatasi iwe ya gramu 150 au 160 yenye ukwaru kidogo. Ile ya fotokopi ya gramu 80 inateleza na inajikunja kwa jasho la mkono, na kwa unyevu wa Dar utaona mawimbi kabla hujafika robo tatu. Weka karatasi ndogo safi chini ya kiganja.

Ubao usimame. Ukiulaza mapajani, sehemu ya juu ya karatasi iko mbali na jicho kuliko ya chini, na wewe bila kujua unairefusha ili ionekane sawa. Matokeo ni paji refu na kidevu kifupi, na utagundua siku ya pili ukiutundika. Ubao ukae karibu wima, kiasi kwamba ukitoa jicho kwa mama na kulirudisha kwenye karatasi kichwa chako hakisogei.

Kivuli: vivuli viwili na weupe wa karatasi, basi. Mwanga ni karatasi tupu, kati ni 2B nyepesi, giza ni 2B iliyokandamizwa. Fumba macho nusu uone mpaka kati ya mwanga na giza unapita wapi, uchore mpaka huo kama ramani ya pwani, kisha ujaze. Mpaka huo ndio mahali bapa linapogeuka, na mikono yako itautafuta baadaye.

Na hapa wengi tunapotea: usichore rangi. Ngozi nyeusi, midomo yenye rangi tofauti, nyusi, mboni, mvi zilizochungulia kwenye mtandio, vyote hivyo ni rangi. Udongo uliochomwa una rangi moja. Ukiijaza ngozi giza kwa sababu ni nyeusi, umeifuta ramani yote ya mabapa, maana giza la ngozi na giza la kivuli vimekuwa kitu kimoja. Kwenye ngozi nyeusi soma ming'ao kwanza: juu ya mfupa wa shavu, ncha ya pua, mbonyeo wa paji juu ya nyusi, ukingo wa mdomo wa chini. Ming'ao inakaa pale bapa linapougeukia mwanga, kwa hiyo inakupa umbo kwa uhakika kuliko vivuli. Izungushie mstari mwembamba wa HB na uiache nyeupe.

Kidole kisiguse karatasi. Kupaka na kulainisha kunafanya shavu liwe kama puto, na puto halina mabapa. Kifutio laini cha kukanda kitumike kuchora: kifinyange kiwe na ncha, ukate mwanga ndani ya giza. Alberto Giacometti, mchongaji wa Uswisi aliyefanya kazi Paris, alichora vichwa vya penseli kwa kifutio kama alivyochora kwa risasi, akirudia mistari kuzunguka macho na pua mpaka kichwa kinaonekana kimesimama ndani ya hewa. Kati ya aliowafinyanga yumo mwandishi Simone de Beauvoir, mwaka 1946, kichwa kidogo sana. Ukitazama michoro yake utaona mistari mingi imepotea na imerudi. Mistari ile ni vipimo anavyovihakiki.

Kisogo:

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila naongeza onyo kuhusu kanuni za uwiano. Zile za vitabuni ni za kuanzia tu, nyingine zimetokana na nyuso za Ulaya.

Inayosimama kwa karibu kila mtu mzima: mstari wa macho uko katikati ya utosi na kidevu. Watu hawaiamini. Wanayapandisha macho juu kwa sababu paji halina cha kuchora, wanalikata, na ubongo unakosa pa kukaa. Kwa mtandio kosa linakuwa kubwa zaidi, maana kitambaa kinaficha utosi. Usikadirie kwa kitambaa na wala usimwombe auvue. Mwombe mama mwenyewe abonyeze kiganja utosini juu ya mtandio, upime kutoka kiganjani hadi kidevuni. Chini ya mtandio kunaweza kuwa na nywele zilizosukwa zenye unene wa sentimita 2 au 3, hivyo fuvu litafute kwa kidole chake, si kwa jicho lako.

Inayoanguka: "upana wa pua ni sawa na nafasi kati ya macho." Kwa nyuso nyingi za kwetu mbawa za pua zinavuka mstari huo, wakati mwingine sana. Atakayeifuata kanuni ataibana pua, kisha mdomo utaonekana mpana mno, ataubana nao, na mwisho atakuwa na mtu mwingine kabisa ambaye kila kipimo chake "kimeenda kitabu". Shusha mstari wa wima kutoka kwenye kona ya ndani ya jicho, uone bawa la pua linaangukia wapi, uandike. Vivyo hivyo kwa midomo ukimtazama kwa ubavu: weka penseli igusane kwa kuona na ncha ya pua na kidevu, uangalie midomo iko ndani ya mstari huo, inaugusa, au inauvuka. Kwa wengi wetu inaugusa au inauvuka. Milimita 3 hapo zinabadilisha sura yote.

Macho. Chora duara kwanza, jicho zima ndani ya tundu lake, ndipo ulaze kope juu ya duara. Kope zina unene. Kope ya juu ina ukingo wa kama milimita 2 unaotoa kivuli juu ya jicho, na hicho kivuli ndicho kinacholifanya jicho la udongo litazame. Kwa ubavu, kope ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, kwa hiyo uso wa jicho umeinamia chini kidogo. Anayechora jicho kama jani la mwembe lililobandikwa atalifinyanga hivyo hivyo.

Kwa mama wa miaka 60 usichore mikunjo kama mistari. Kila mkunjo ni mabapa mawili yanayokutana. Ule unaoshuka kutoka kwenye bawa la pua hadi pembeni ya mdomo una upande wa shavu uliojaa na upande wa mdomo uliolala; chora upande uliojaa, mkunjo utajitokeza wenyewe.

Miwani: mchoro mmoja akiwa nayo, mingine yote bila. Fremu inaficha panja, mwanzo wa pua na nusu ya kope, yaani sehemu unazozihitaji kuliko zote. Kwenye ule wa miwani andika tu inapokaa juu ya pua, inapopita juu ya sikio, na umbali wa kioo kutoka kwenye nyusi. Miwani ya udongo huvunjika tanuri likipata moto, kwa hiyo ukiamua kuiweka itakuwa ya waya, baada ya kuchoma.

Mtandio uchore kwa wingi wake. Tafuta mahali kitambaa kinaposhikwa (utosini, nyuma ya sikio, chini ya kidevu) na mahali kinapoanguka huru. Mikunjo yote inaanzia penye kushikwa. Mikunjo 5 iliyo sahihi inatosha.

Udongo_Mwekundu:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Swali la mwanga: vitabu vyote vinasema dirisha la kaskazini. Sebule yake ina dirisha kubwa la kaskazini na dogo la kusini. Nimkalishe la kaskazini? Na picha za simu zipigwe vipi?

Patasi_na_Timazi:

Hapana. Ushauri wa dirisha la kaskazini umeandikwa London na Paris, ambako jua halipiti upande huo mchana, kwa hiyo mwanga wake hautikisiki. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6 jua liko kaskazini kabisa, na saa 6 mchana linakuwa upande huohuo wa dirisha lako kubwa, nyuzi kama 60 juu ya upeo. Litaingia ndani, litasogea, na kivuli cha pua kitakuwa kimehama kabla hujamaliza mchoro mmoja. Kwa mwezi huo dirisha lako ni la kusini. Mwezi wa 12 mambo yanageuka. Watu wa Nairobi, nyuzi 1 na kidogo kusini ya ikweta, wanagawana mwaka karibu nusu kwa nusu.

Kama la kusini ni dogo mno, funga mapazia yote na utumie taa moja. Moja tu. Iwe juu ya kichwa chake, pembeni kwa nyuzi 45, umbali wa mita 2 hivi. Taa ya dari izimwe, maana inamwaga mwanga ndani ya kivuli na mabapa ya shavu yanapotea. Andika kwenye kona ya kila mchoro mwanga umetoka wapi, kwa mshale. Bila mshale huo mchoro wa kivuli hausomeki baada ya mwezi.

Simama au kaa mita 2 kutoka kwake, macho yako sawa na macho yake. Ukiwa karibu zaidi pua inakua na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Simu inafanya kosa hilohilo kwa ubaya zaidi: picha ya urefu wa mkono inavimbisha pua na kubana uso. Rudi mita 2 au 3, tumia lenzi ya kuvuta kama simu inayo, au piga kutoka hapohapo ukate baadaye. Zungukia alama 8 za utepe. Ongeza mbili ambazo hakuna anayezikumbuka: moja kutoka juu ya kichwa, moja kutoka chini ya kidevu ukielekea juu. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alipanda ngazi kuwatazama watu wake kwa juu, kwa sababu upana wa paji, mashavu na taya vinaonekana vikiwa vimepangana. Picha ziwe ushahidi wa pili. Zikigombana na namba za timazi, fuata timazi.

Mstari_Mmoja:

Swali la kalamu mkononi limeachwa, nami naliona ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Usimpe kalamu. Kichwa na shingo havina mkono, na mtu aliyeambiwa ashike kalamu anaweka uso wa mtu aliyeambiwa ashike kalamu. Anachokifanya mwandishi uso wake ukiwa kazini ni kusoma. Mpe kurasa za kazi yake, aziweke kwenye meza ya kimo chake cha kawaida, asome kimya. Utaona kichwa kinavyoinama, kope zinavyoshuka, nyama chini ya taya inavyojikusanya, midomo inavyobanana. Michoro yako mitano ya haraka ifanyike hapo, alama 4 akisoma na 1 akiinua macho. Kisha amua mwinamo wa kichwa utakaokwenda nao, uweke alama ukutani ya kumrudisha macho, na michoro yote mirefu ifuate mwinamo huohuo. Kubadilisha mwinamo katikati ya kikao ndiko kunakofanya ubavu na robo tatu visikubaliane.

Aongee ukiwa unachora sikio, kisogo na shingo. Anyamaze ukifika mdomoni, dakika 4 tu. Waandishi wengi hawapendi kutazamwa kwa muda mrefu, na uso unaochoka unalegea kutoka kwenye mashavu kushuka. Stephen Tomlin, mchongaji wa Uingereza, alipomfinyanga mwandishi wa riwaya Virginia Woolf mwaka 1931, mama yule alichukia vikao hivyo kiasi kwamba kazi ilisimama bila kumalizwa. Lakini itazame: nakala ya madini ya risasi iko National Portrait Gallery, London, na ya shaba ilisimikwa Tavistock Square mwaka 2004. Macho hayana maelezo, ngozi ya udongo imeachwa na alama za vidole, na bado ni yeye, kwa sababu fuvu, mwelekeo wa shingo na urefu wa uso vilikamatwa mapema. Hilo ndilo la kujifunza kwa mwenye kikao kimoja: dakika zako za mwanzo ziende kwenye vile ambavyo vikikosewa havirekebishiki.

Upande wa pili kuna Anna de Noailles, mshairi wa Ufaransa, aliyekaa kwa Rodin mwaka 1906. Hakukipenda kichwa chake, na marumaru iliyopo Metropolitan Museum, New York, inaitwa Madame X. Rodin alikuwa akizunguka kichwa na kuchukua ubavu baada ya ubavu, kila mmoja ukihakiki uliotangulia, na ubavu haumbembelezi mtu. Kwa hiyo kabla ya kikao mweleze mama kwamba atakayoyaona karatasini ni vipimo, na kwamba pua iliyoandikwa namba pembeni si picha yake. Kwa heshima ya umri wake hilo lisemwe mapema, asije akalikuta ubaoni bila kutarajia.

Ukipata nafasi tazama pia michoro ya Henri Gaudier-Brzeska, mchongaji Mfaransa aliyeuawa vitani mwaka 1915 akiwa na miaka 23. Jina la pili alilichukua kwa Sophie Brzeska, Mpolandi aliyekuwa mwandishi, waliyekutana naye Paris mwaka 1910, na alimchora mara nyingi. Kazi zake nyingi ziko kwenye jumba la sanaa la Kettle's Yard, Cambridge. Mstari wake mmoja unashuka kutoka kwenye paji hadi shingoni bila kuinuka, na bado unaona ulipoukandamiza mfupa na ulipolegea penye nyama. Mstari mzito ukingo unapoingia kivulini, mwembamba ukingo unapoukabili mwanga. Mstari wa unene mmoja kuzunguka uso mzima, kama waya, hauna habari yoyote ya kina.

Penseli_2B:

Nyongeza kwa vile vipimo vya mkono vya mwisho. Kalipa (chombo cha miguu miwili cha kupimia umbali) ya mbao yenye ncha za mviringo ndiyo salama. Bikari yenye ncha kali isikaribie uso wa mtu, na macho kabisa usiyapime kwa chombo. Omba ruhusa, mwonyeshe kwanza kwenye kichwa chako. Vitano vinatosha: kidevu hadi mwanzo wa nywele, mfupa wa shavu hadi mfupa wa shavu, pembe ya taya hadi pembe ya taya, tundu la sikio hadi ncha ya pua, tundu la sikio hadi kidevuni. Hivi viwili vya mwisho vichukue kulia na kushoto. Vitatofautiana kwa milimita kadhaa, kwa kuwa hakuna uso ulio sawa pande zote, na tofauti hizo ukizifuta kwa kutaka ulinganifu umemfuta mama.

Kuhifadhi: usinyunyizie dawa ya nywele ili risasi isifutike, inageuka njano. Weka karatasi nyembamba laini kati ya mchoro na mchoro, zote ndani ya kadibodi mbili, mahali pakavu. Kuvu hupenda karatasi iliyobanwa ukutani.

Udongo_Mwekundu:

Nimeelewa. La mwisho: nikifika kwenye udongo, mchoro unaingiaje? Naukata ubavu kwenye kadibodi niugandamize?

Patasi_na_Timazi:

Unaweza, ukijua mpaka wake. Nakili ubavu (ukishazidisha kwa kusinyaa) kwenye kadibodi, kata umbo la uso uliondoe, utumie tundu lililobaki kama kipimo. Kinasema kweli kwenye mstari wa katikati tu: paji, pua, midomo, kidevu. Ukikisogeza hata sentimita moja pembeni kinadanganya. Kisaidie siku ya kwanza, kisha kiweke mbali, la sivyo utapata uso wenye mgongo kama wa samaki katikati na mashavu yaliyolala pembeni.

Mpangilio wenyewe: kiunzi (mti wa ndani unaoushikilia udongo) kwanza, na kiegemee mbele kwa mwinamo wa shingo uliopima kwa timazi. Mti wa kiunzi uliosimama wima utatokeza kwenye koo ukishaweka udongo. Jenga yai la fuvu likiwa dogo kwa sentimita 1 kila upande, ili uongeze badala ya kukwangua. Weka vijiti vya njiti za kiberiti kwenye alama zako: ncha ya pua, kidevu, mifupa ya shavu, matundu ya masikio, kisogo. Jaza kati ya njiti. Macho na midomo visubiri mpaka njiti zote zikubaliane na namba zako.

Kichwa kikae kwenye meza ya kuzungusha yenye alama 8 zilezile. Michoro itundikwe nyuma yake, kimo kimoja na udongo, na taa iwekwe upande ulioonyeshwa na mshale wako, pembe ileile. Hapo mchoro unaanza kuongea. Tazama kivuli cha pua: kama kwenye karatasi kinafika katikati ya shavu na kwenye udongo kinaishia kwenye bawa, pua ni fupi au shavu limejaa mno. Rudi kwenye namba ya ubavu ujue ni lipi kati ya hayo mawili, urekebishe hilo moja, uzungushe nyuzi 45, uangalie tena. Usirekebishe chochote ukiwa umesimama upande mmoja tu.

Udongo ukishupaa kiasi cha kutobonyea kwa kidole, kata kofia ya fuvu kwa waya, toa kiunzi, kwangua ndani mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2, pua na masikio yakiwemo. Sehemu nene zaidi ya hapo hubaki na maji ndani, na maji yakigeuka mvuke tanurini kichwa kinapasuka. Kofia irudishwe kwa udongo laini uleule, na utoboe tundu dogo chini ya mtandio, mahali ambapo kivuli chake kitalificha.

Kisogo:

Na ule mchoro wa kisogo uliopewa dakika 5, utundike wa kwanza.